Siku Tisa za Fundi Bado Vifungo

Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa. Hapa mtaani kwetu anaitwa Bado Vifungo. Ukifika kuchukua suruali yako siku mliyokubaliana, hakwambii kwamba hajaigusa. Anachomoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, anazichomeka kwenye kola ya shati lake, kisha anakutazama usoni kwa huruma na kusema, "Imekwisha. Bado vifungo tu." Kuna mama mmoja aliambiwa hivyo kuhusu mapazia.

Mimi naitwa Mama Kopi. Duka langu la kuchapa na kutoa fotokopi limepakana na lake, na kinachotutenganisha ni ubao wa plaiwudi ambao hata kikohozi haukizuii. Miaka kumi na moja nimekuwa nikisikia cherehani yake ikikimbia, ikisimama, ikikimbia tena. Nasikia pasi ikitua mezani, nasikia na uongo wake wote. Kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Na nikisema kosa nitakalowasimulia lilikuwa letu wawili, msinibembeleze kwamba si hivyo, maana sehemu yangu naijua vizuri.

Kwanza nimtetee. Hakuwa mvivu. Alifungua duka kabla yangu na kufunga baada yangu, na mkono wake hauna mpinzani. Shida yake ilikuwa siku. Mtu huyu angeweza kukukadiria kiuno kwa macho tu kutoka ng'ambo ya barabara asikosee hata nusu inchi, lakini ukimwuliza leo ni tarehe ngapi anatazama dari. Jumatatu na Alhamisi kwake zilikuwa ndugu. Alipokea kila kazi, maana kumwambia mtu "hapana" kulimshinda. Akaitia kwenye mfuko, akaupandisha mfuko rafuni, na mfuko uliokuwa karibu na mkono ndio ulioshonwa.

Aliyemshikia siku zake alikuwa dada yake.

Dada alimzidi miaka kumi. Wazazi wao walipofariki, mmoja akitangulia na mwingine akifuata baada ya mwaka, yeye alikuwa na miaka kumi na saba na mdogo wake saba. Aliacha shule, akaanza kazi ya kupeleka barua ofisini, akapanda taratibu mpaka akawa karani wa masjala, yule anayejua faili gani liko kabati gani bila kuinuka kwenye kiti. Ndiye aliyempeleka mdogo wake kwa fundi akajifunze, ndiye aliyemnunulia cherehani ya kwanza, na hata mdogo mtu alipoota mvi, ndiye aliyempigia simu kila siku saa moja na nusu asubuhi. Mimi nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, Dada. Sare za kwaya. Ndiyo, leo. Nimekunywa chai, Dada." Dada alikuwa na daftari la masjala lenye jalada gumu, na kila mteja wa mdogo wake alikuwa na mstari wake humo. Duka lilikuwa la Bado Vifungo, ila akili ya duka ilikaa mitaa mitatu kutoka hapa, ndani ya daftari lile.

Na huyo Dada hakuwahi kuvaa hata nguo moja iliyoshonwa na mdogo wake. Kinyozi hajinyoi. Kwenye rafu ya juu kabisa, katika mfuko wa njano, kilikuwepo kitambaa chake cha gauni, zambarau iliyokolea yenye maua madogo meupe, alichokinunua wiki aliyostaafu. Miaka minne kimekaa hapo. Kila alipokuja aliinua macho kuutazama mfuko na kuuliza, "Hajambo mwenzangu huko juu?" Bado Vifungo alijibu, "Hajambo, Dada, anakusalimu. Wiki ijayo anashuka." Tulicheka sote, na yeye alicheka kutuzidi.

Siku aliyokuja kwangu badala ya kwenda kwa mdogo wake, hakuna aliyecheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja akapumua kwanza. Moyo ulikuwa umemsumbua mwaka mzima, na ngazi tatu tu za mlangoni kwangu zilikuwa zimemmaliza. Akaniambia amepangiwa kupasuliwa katika hospitali kubwa ya mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Angesafiri tarehe kumi na nane ya mwezi unaofuata.

"Mama Kopi, sijui nitarudi lini," alisema. "Na sijui kama nitarudi."

"Utarudi, dada yangu."

"Nitarudi. Lakini nimekuwa karani miaka thelathini na miwili, na mtu haondoki bila kukabidhi ofisi. Nani atamkumbusha yule? Wewe una kompyuta. Nasikia kuna programu za kumpangia mtu muda wake, na nyingine ni za bure. Mtafutie moja inayoweza kazi yangu."

Akainuka, akashika ule ubao, akaongeza kwa sauti ya chini kana kwamba plaiwudi ile ina siri. "Na nataka gauni langu. Siku hiyo nitapita asubuhi nilivalie hapa hapa. Niingie hospitali nimevaa nguo niliyoshonewa na ndugu yangu. Wale madaktari wanaona watu wengi. Nataka wakinitazama tu wajue huyu ana watu wake."

Upande wa pili cherehani ilikuwa imesimama muda mrefu.

Tulianza kutafuta wiki ileile, mchana, saa ambazo wateja wangu hupungua. Bado Vifungo alikuja na kiti chake na futi yake shingoni. Dada alikaa katikati yetu na miwani puani, kama anayewafanyia vijana usaili wa kazi. Kwa kweli alikuwa anamtafuta mrithi wake.

Programu ya kwanza ilipendeza, rangi tupu. Tuliipakua, tukajaza yote iliyotaka, mwisho ikaomba namba ya kadi ya benki ili tufurahie siku kumi na nne za bure. Bado Vifungo alichukia. "Bure gani yenye tarehe ya mwisho? Huko si kupewa, huko ni kuonjeshwa." Ya pili haikutaka kadi, ila iliruhusu kazi tatu tu kwa siku. "Tatu? Mimi kabla ya chai nina tatu zilizochelewa!" Ya tatu haikufunguka bila mtandao, na mtandao wa hapa kwetu kila mtu anaijua tabia yake.

Ya nne ndiyo aliyoipenda. Kila ukiweka alama kwamba kazi imekwisha, kioo kilijaa maputo na maneno ya pongezi. Kesho yake nikakuta ameweka alama kazi kumi na sita.

"Zote umemaliza?"

"Bado vifungo," akasema, macho kwenye maputo.

Dada aliifuta kwa mkono wake mwenyewe. "Inamsifu kabla hajafanya. Si ndio ugonjwa wake huo?"

Tuliyoichagua ilikuwa na sura mbaya. Kijivu, maandishi meusi, haina hata ua. Imetengenezwa na watu wanaojitolea tu, huko waliko, hawamwuzii mtu kitu. Haikuwa na matangazo, haikuomba kadi, ilifanya kazi mtandao ukiwepo au usiwepo, na tulichokiandika kwenye kompyuta yangu kilitokea baadaye kwenye simu yake. Dada aliichunguza siku mbili nzima.

"Inaweza kupiga kelele?" aliuliza.

"Inapiga kengele."

"Saa ngapi?"

"Saa utakayotaka mwenyewe."

"Weka saa moja na nusu asubuhi." Nikaweka, nikaijaribisha. Aliisikiliza kengele ile kichwa amekiinamisha upande mmoja. "Haina salamu," akasema. "Lakini itafaa."

Akaniachia daftari lake la jalada gumu, na wiki hiyo akahamia kwa binti yake, mwisho kabisa wa mji, apumzike na kumalizia vipimo. Alimwachia mdogo wake amri moja. "Kuanzia Jumatatu sipigi asubuhi. Usiniulize mimi, iulize hiyo."

Jumatatu saa moja na nusu simu ya Bado Vifungo ikalia. Nilimsikia akiipokea kwa haraka yake ileile. "Ndiyo, Dada." Kisha kengele ikazimwa.

Sasa nifike kwenye tisa.

Tulikuwa tunaingiza kazi kutoka kwenye daftari, wawili tu. Nikamsomea: bibi harusi, tarehe sita. Akatikisa kichwa.

"Sita ni ya kunitisha. Harusi yenyewe iko tarehe ishirini."

"Umejuaje?"

"Mama Kopi, nina miaka ishirini na saba kwenye cherehani. Hakuna mtu anayemwambia fundi tarehe ya kweli."

Mimi mwenyewe alinishonea blauzi ya mahafali ya mpwa wangu. Nilimwambia mahafali ni tarehe tatu, nayo yalikuwa tarehe kumi na mbili. Mtaa mzima tulifanya hivyo. Tulijua atachelewa, basi tukamdanganya ili uongo wetu ukutane na wake katikati ya njia na nguo ipatikane. Hatukuona kwamba ni dhambi. Na yeye, kumbe, alijua yote hayo na alikuwa ameshatupigia hesabu.

"Mabibi harusi wanaongopa wiki mbili," alinieleza, pini pembeni ya mdomo. "Watu wa ofisini siku kumi. Mama za wanafunzi tisa, hao wana huruma kidogo. Hakuna anayeshuka chini ya tisa. Iambie hiyo programu yako iongeze tisa, nisikimbizwe bure."

Programu ilikuwa na kisanduku cha jambo hilo. Nikaandika 9. Ikauliza: kwa kazi hii tu, au kwa kazi zote? Nikabofya "kazi zote". Hilo ndilo nililolifanya mimi.

Kisha akasema anataka kuandika kwa mkono wake. Akavuta kiti, akavua kile kikofia cha chuma cha kidoleni, akaanza kuwinda herufi kwa kidole kimoja. Dada anasafiri: 18. Akashuka mstari. Gauni la Dada: 18. Mimi nimesimama nyuma yake namsifu, namwambia mwanafunzi kama huyu mwalimu atakosa kazi. Programu ikapokea yote mawili, ikaongeza kama tulivyoiamuru, ikayaweka tarehe ishirini na saba. Hatukutazama. Tulikuwa tunapongezana.

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu. Kila asubuhi kengele ililia, yeye akasoma orodha, akashona kilichoandikwa, basi. Mwalimu wa kwaya, aliyezoea kumwimbia "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako" kuanzia mlangoni, alikuta sare zimepigwa pasi na kukunjwa; akakosa la kugombania, akagombana na mimi kuhusu bei ya fotokopi. Bwana mmoja alikuja siku yake kwa mazoea tu ya kuja kuambiwa bado vifungo, hata mfuko wa kubebea hakuchukua. Alirudi nyumbani na suruali tatu mkononi.

Jioni moja Dada alipiga simu. Nilimsikia Bado Vifungo akimjibu kwa maringo. "Inasema vizuri, Dada. Yumo, mwenzako wa juu naye yumo, ana siku yake. Nimeshalikata." Na kweli alikuwa amelikata, Jumapili moja. Aliniambia kukata ndiko kunakotaka akili, kushona ni miguu. Hakudanganya. Gauni lilikuwa na siku yake, alikuwa anaingoja ifike.

Tarehe kumi na nane ilikuwa Jumanne. Jana yake Dada alikuwa amemwandikia ujumbe, "Kesho asubuhi napita," naye akafurahi kwamba anakuja kumtembelea. Alifagia duka, akapangusa benchi.

Gari la kukodi lilisimama barabarani na binti yake ndani. Dada akapanda ngazi, moja, akapumzika, ya pili, akapumzika. Alikuwa amepungua mno. Nilitoka na chupa ya maji niliyomwandalia ya safarini, nikasimama mlangoni mwa fundi.

"Dada! Kaa hapa, kaa," alisema Bado Vifungo, na kabla hajakaa vizuri akamshikisha simu. "Hebu ona. Leo nina kazi tano, mbili nimeshamaliza, na bado ni asubuhi."

Dada akavaa miwani, akaisoma orodha yote mstari kwa mstari kama faili. "Vizuri sana," akasema. "Vizuri sana, mdogo wangu. Sasa hata nikikaa huko mwezi mzima, sina wasiwasi." Akavua miwani. "Haya, nishushie mwenzangu nivae. Gari linaningoja."

Bado Vifungo akaanza kuchomoa pini mdomoni. Moja, akaichomeka kwenye kola. Ya pili. Nilitamani nigeuke niondoke.

"Limekwisha, Dada," akasema. "Bado vifungo tu."

Dada akacheka, kicheko chake cha siku zote, akakohoa kidogo. "Basi nipe hivyohivyo." Akafungua mkoba, akatoa kadi ya pini za kufungia, mpya, haijatobolewa. "Nilijua utaniambia vifungo. Nimekuja na zangu."

Bado Vifungo akapanda kwenye kigoda, akateremsha mfuko wa njano, akaumwaga mezani. Mgongo. Mbele mbili. Mikono miwili. Kola. Vyote vimekatwa vizuri, vina alama za chaki, havijaguswa na uzi.

"Nilijua unasafiri tarehe ishirini na saba," alisema. "Imeandikwa hapa. Niliandika kumi na nane, inaongeza tisa, kwa sababu wateja wote... Dada, mbona hukunidanganya? Kila mtu ananidanganya. Ungesema tarehe tisa, lingekuwa tayari."

Dada alimtazama. "Nikudanganye mimi?" akasema. "Mimi si mteja. Mimi ni dada yako."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, labda tungepona. Na mimi niliyebofya "kazi zote" nilikuwa hapo hapo mlangoni na chupa yangu ya maji, na mdomo haukufunguka. Nilimwacha ndugu yake aubebe mzigo ule peke yake mbele ya macho yake. Hilo sijajisamehe, na sijaona sababu ya kujisamehe.

Dereva akapiga honi. Dada akachukua mkono mmoja wa gauni, akaulaza juu ya mkono wake, akaugeuza kwenye mwanga. "Rangi bado nzuri," akasema. "Nitavaa nikirudi. Ulishone sasa, usingoje kengele. Ila vifungo usiweke. Wewe vifungo huchagui, unaokota. Nitakuja kuchagua mwenyewe." Akaacha kadi ya pini mezani, akashuka ngazi na gauni lake la zamani la kijivu, lililoshikizwa pindo kwa mkono. Bado Vifungo alimfuata hadi garini na futi shingoni, akamfungia mlango, akabaki pale barabarani hata gari lilipokwisha kukata kona.

Aliporudi alisukuma kazi zote za watu pembeni. Cherehani haikusimama. Alilipunguza gauni vidole vitatu kila ubavu, kwa kumkumbuka tu alivyokaa kwenye kiti. Kesho yake mchana nilimwona akishona vitundu vya vifungo kwa mkono, saba, kimoja kimoja. Kisha akamwaga bati lake la vifungo mezani, akachagua aina tatu, akazipanga kwenye kisahani zimngoje mwenyewe. Akaja kwangu. "Mama Kopi, iambie iache kuongeza." Niliandika 0. Programu ikaniambia itafuata amri hiyo kwa kazi mpya tu. Zile za zamani sikuwa na moyo wa kuzigusa.

Walimpasua Alhamisi. Ijumaa tulipata habari kwamba ameamka na anaongea. Bado Vifungo alinunua mfuko mzuri wa kubebea gauni, wa zipu, akasema siku akiruhusiwa ataenda kumchukua mwenyewe.

Jumapili saa nne asubuhi nilikuwa nimekuja kumalizia kazi ya mtu. Nilisikia simu yake ikilia upande wa pili. "Ndiyo, mwanangu, mjomba anaongea." Nikasikia cherehani ikisimama. Halafu nikasikia pini zikianguka kwenye sakafu ya saruji, zote alizokuwa nazo mdomoni. Nilijua kabla sijaenda.

Binti yake alitueleza baadaye kwamba ile Ijumaa mama yake aliwasimulia manesi habari za gauni la zambarau. Aliwaambia ndugu yake ni fundi, tena fundi kweli, na gauni limekwisha. Limebaki vifungo tu.

Alizikwa bila gauni lile. Binti aliuliza kama mama yake azikwe nalo, mjomba akakataa. "Hajachagua vifungo," alisema, na watu wakanong'ona kwamba uchungu umemchanganya akili. Haukuwa umemchanganya. Alikuwa ameagizwa asiweke.

Tarehe ishirini na saba saa moja na nusu kengele ikalia, na mimi nikaruka kutoka kwenye kiti changu, maana nilikumbuka ghafla. Nilipofika alikuwa anaisoma. Dada anasafiri. Gauni la Dada. Chini yake programu inakupa maneno mawili ya kuchagua, "imekamilika" na "ahirisha". Nikamwambia nipe, nifute. Akaikinga simu na kiganja.

"Acha," akasema. Akabonyeza "ahirisha".

Ikaahirishwa hadi kesho yake, na kesho yake akaiahirisha tena. Ni mwaka wa pili huu. Kila asubuhi saa moja na nusu namsikia akipokea habari kwamba dada yake anasafiri leo, na namsikia akijibu, taratibu, "Ndiyo, Dada." Kisha anasoma kazi za watu na kuanza kushona.

Hachelewi tena. Tarehe utakayomwambia ndiyo anayoandika, na siku hiyo nguo iko tayari. Watu hawajui, wanaendelea kumdanganya, basi nguo zinaning'inia ukutani siku tisa, siku kumi, wiki mbili, zinawangoja. Mimi namwambia tarehe ya kweli. Nilimwungamia pia lile la "kazi zote", nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mama Kopi, aliyeandika jina la Dada kwenye orodha ya wateja ni mimi," akarudi kazini.

Jina halikubadilika. Wiki iliyopita alikuja mteja mgeni, benchi limejaa, akaliona gauni la zambarau linaning'inia nyuma ya mlango.

"Fundi, lile zuri ni la nani? Mbona mwenyewe halichukui?"

"La dada yangu."

"Limekwisha?"

Nilisikia pini zikichomolewa, moja, ya pili, ya tatu. "Limekwisha," alisema. "Bado vifungo tu."

Benchi zima likaangua kicheko, maana utani huo hauzeeki mtaani kwetu, na yeye naye akacheka nao. Mimi huku nyuma ya plaiwudi sikucheka.